Ng'ombe Hana Kosa

Jua lilikuwa linazama nilipoingia zizini na ndoo, mtoto mgongoni. Ng'ombe wetu wa pekee, anayemlisha mwanangu tangu maziwa yangu yakauke, hakugeuka kunipokea.

Alikoroma.

Pua imevimba kama mto. Juu ya mdomo, vitundu viwili vinavuja damu nyepesi.

"Nyoka!" nikamwita mume wangu.

Alikuja mbio, wembe tayari mkononi. Mwezi uliopita mbuzi wa jirani yetu mjane, tunayemwita Mama Kimya, aliumwa na nyoka mguuni. Mume wangu akamchanja, akamkaza kamba. Mguu ukaoza, mbuzi akafa. Naye akamcheka mjane: "Mbuzi ni mbuzi tu, mama!"

"Usimkate, baba. Nimpigie daktari wa mifugo."

"Daktari atakuta ngozi. Shika kichwa!"

Hapo ikaja harufu... udongo mbichi, kama wa shimo lililofukuliwa sasa hivi.

Mama Kimya alikuwa mlangoni. Sikusikia hatua zake.

"Weka wembe, mwanangu," alinong'ona.

"Bibi, nenda kalale!"

Alinipita, akamfunika mwanangu vizuri mgongoni, kisha akamkumbatia ng'ombe shingo kwa mikono yote miwili. Ng'ombe akatulia.

"Ng'ombe hana kosa," akasema. "Nilitaka kuona kama umefunzika."

Mume wangu akainua wembe.

Ssss...

Akapiga yowe. Wembe ukaanguka.

Kwenye kiganja chake, vitundu viwili.

Nilimulika kila kona ya zizi kwa simu. Nyoka hakuwepo. Mama Kimya bado alikuwa amemkumbatia ng'ombe.

Daktari wa mifugo niliyempigia alipofika alimwingiza ng'ombe vipande vya mpira wa maji puani apate kupumua, akamchoma sindano ya kuua sumu. Kisha akamgeukia mume wangu, akashika kichwa. Mume wangu alikuwa ameshajichanja kiganja, akajikaza kamba kwa meno.

Hospitalini waliukata ule mkono.

Ng'ombe alipona. Kila jioni nampelekea Mama Kimya maziwa, maana alimtuliza ng'ombe wangu. Kikombe hurudi kimeoshwa, kinang'aa. Kifuniko chake cha plastiki tu ndicho kina vitundu viwili.

Jana alinishika mkono. Wake ulikuwa baridi.

"Mumeo ameacha kucheka?"

"Ameacha, mama," nikajibu upesi.

Ng'ambo ya ua, redio yetu ilikuwa ikitoa vichekesho. Na mume wangu...

Alikuwa anacheka.