Aliyemchukua Kemunto

Waliokaa ghorofa ya tisa ya jengo lile la Weston, jijini Toronto, karibu na mto Humber, watakwambia Phyllis Nyakundi hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Alikuwa nesi, Mkisii, mama wa mtoto mmoja, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amepumzika ipasavyo. Mei 2016 akapata tiketi ya bei nafuu. Akamwacha binti yake Kemunto, wa miaka sita, kwa jirani wa mlango wa pili, Khurshid, mjane wa Kiismailia aliyezaliwa Mwanza, akaenda Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia. Siku tatu tu. Alitaka mji mdogo, atembee bila haraka, pasiwe na mtu wa kumwita.

Asubuhi ya kwanza ilianza vizuri. Alivuka madaraja, akaitazama ngome iliyo kilimani, akaketi mkahawani kando ya mto. Kabla hajafungua mdomo, mhudumu akamwekea chai: majani na maziwa vimechemshwa pamoja, kama anavyopika nyumbani kwake.

"Sijaagiza," akasema Phyllis.

"Ni ileile ya jana," msichana akamjibu, akitabasamu.

Jana Phyllis alikuwa angani. Akajiambia Waafrika ni wachache pale, amefananishwa na mwingine. Akaonja. Hata sukari ilikuwa kipimo chake.

Tangu hapo hakutulia. Sokoni muuza maua alimpungia mkono kama mtu anayemjua. Darajani akamwona mwanamke mweusi mbele yake, anaegemea kushoto akitembea, kama yeye tangu alipovunjika nyonga. Phyllis akaongeza mwendo. Yule naye akaongeza. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Siku ya pili, Phyllis akinywa chai ya asubuhi, mzee mwenye nyumba ya wageni alikofikia akamwambia, "Dada yako aliondoka jana mchana."

"Sina dada."

Mzee akashusha sauti. "Aliniuliza kama mtoto bado unamwacha kwa jirani."

Phyllis akampigia Khurshid simu Toronto. Iliita, haikupokelewa. Akabadilisha tiketi, akaondoka saa ileile. Frankfurt, akisubiri ndege, akapiga tena. Na tena. Kimya.

Alitua Toronto alasiri, jua likiwaka. Akapanda treni ya uwanja wa ndege, kituo kimoja tu, akasimama njia nzima. Lifti ilipofunguka ghorofa ya tisa, alikimbia.

Khurshid alifungua mlango. Akamtazama, akautazama mzigo wake.

"Mama Kemunto, umesafiri tena?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Si ulimchukua jana, alipotoka shule?"

"Mama Khurshid, nimekupigia tangu asubuhi."

Mjane akaanza kunong'ona. "Lakini wewe ndiye uliyeniambia. Simu ikitoka ng'ambo, nisipokee."

Mlango wa Phyllis haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Aliusukuma. Ndani kimya. Kemunto alikuwa ameketi sakafuni peke yake, mgongo wima, mikono mapajani. Nywele zake zilikuwa zimesukwa. Mistari myembamba, ikizunguka kichwa kama maji yanayoingia shimoni.

Phyllis hakujua kusuka. Hakuwahi kujua.

"Nani amekusuka?"

"Wewe," mtoto akanong'ona. "Umeniambia nisitikisike. Umetoka sasa hivi."

"Nimepitia wapi?"

Kemunto akaonyesha kabati la chumbani. Ndani mlikuwa na nguo tu. Phyllis alizigusa moja moja. Zilikuwa na joto.

Jioni hiyo alifumua nywele zote. Juma lililofuata akamnyoa binti yake kipara. Mwezi haukuisha, wakahamia Scarborough, mashariki ya jiji, na Khurshid hakuambiwa ni mtaa gani.

Kemunto alikua vizuri, hakuugua. Lakini nywele zilipoota, ziliota zikiwa zimegawanyika. Msusi mmoja wa Lawrence Heights alizipitisha kitana mara nyingi, akazilowesha, akazichana upya. Mistari ikarudi palepale, ikizunguka kichwa. Akaweka kitana chini, akamuuliza Phyllis kwa sauti ndogo ni nani aliyeichora, kwa sababu umeongezeka mstari mmoja tangu alipoanza kuchana.