Ubao Uliojua Jina la Kamis

Marehemu Sitti hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, tangu kota za polisi hadi nyumba yao ya Kyebando, alimwita Baba Nabilah, kama mama yake alivyomwita mumewe kwa jina la mtoto. Kwa hiyo alasiri ile ya Jumanne, sauti yake ilipotoka kwenye simu na kusema, "Kamis," mzee alikirudisha kikombe cha chai mezani bila kunywa.

Halafu akaitika, "Naam."

Kosa halikuanzia hapo, na aliyelianzisha alikuwa na nia njema tupu. Kamis, sajini mstaafu, alipofushwa na presha ya macho. Kitu alichokipenda kuliko vyote ni sataranji, na Sitti, ambaye mchezo wenyewe ulimchosha, alijifunza majina ya kete zote ili awe macho yake. Binti yao Nabilah alikuwa fundi wa vyombo vya umeme, mwenye chumba Wandegeya juu ya duka la kuchapisha. Akaamua kumtengenezea baba ubao unaojiendesha. Mzee angetaja hatua yake, simu ingemsikia, na sumaku iliyofichwa chini ya mbao ingeivuta kete mpaka mahali pake. Hatua za mpinzani, yaani programu ya simu yenyewe, zingesomwa kwa sauti ya Sitti. Sitti alikaa siku mbili akirekodi majina ya kete na ya miraba sitini na minne, akicheka kila alipofika kwa farasi. Wiki tatu baadaye alifariki.

Mwisho wa kurekodi, Nabilah alimwomba aongeze wito mmoja: "Baba Nabilah." Zamu ya mzee ikifika, simu imwite, na isimsikilize mpaka aitike. Aliona ni njia nzuri ya kuizuia isidake maneno ya wapita njia. Maskini, alisahau kwamba yeye na kila mtoto wa ukoo ule walikatazwa tangu utotoni kuitikia sauti ya aliyekufa. Alikuwa ametengeneza chombo kisichofanya kazi mpaka uitikie. Mzee aliitika mara arobaini kwa mchezo mmoja, michezo mitatu kwa siku, miezi minne mfululizo.

"Baba, hiyo jina mimi sikurekodi," Nabilah, aliyekuwa amekuja kumtazama, alinong'ona Jumanne ile.

"Najua."

"Na umeme imekatika tangu saa sita. Hii ubao inatembea na nini?"

"Sema polepole. Anasikia."

Farasi mweusi alikuwa akisogea taratibu, akikwaruza mbao kama ukucha, na chumba kikajaa harufu ya udi aliokuwa akifukiza Sitti kila Ijumaa, na chini ya udi ikaja harufu nyingine, ya udongo mbichi uliofukuliwa leo, ambayo Nabilah aliijua vizuri kwa sababu mara ya mwisho aliisikia kwenye nguo za wanaume waliorudi makaburini. Alifuta programu yote. Kesho yake sauti ilitoka kwenye ubao wenyewe, ambao hakuuwekea spika.

Ndipo akamwita bibi yake, Haboba Munirah, shangazi yake Kamis, aliyekuwa akiwasomea wenye majini. Alikuja Alhamisi baada ya swala ya alasiri, na chetezo mkononi, akamkabili mzee.

"Sitti alikuita Kamis lini?"

"Hata siku moja."

"Basi huyo si Sitti. Ni jini, ameazima sauti yake, na wewe umemkaribisha kila siku. Kuvunja ubao haisaidii. Leo mimi nasoma, yeye anaita, na wewe unanyamaza. Ukiitika tena, siku moja atakuita umfuate, na utaenda."

Mzee alipapasa mpaka akamgusa malkia. "Shangazi, mimi najua si yeye. Lakini nani mwingine ataniita?"

Nabilah alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake. Maneno yale yalimuuma, na hakuweza kumlaumu.

Haboba akaanza kusoma. Sauti ikaita, "Kamis," kwa upole, kisha kwa hasira, kisha ikalalamika kwamba ni baridi, kwamba ni giza, kwamba amemtumikia akiwa kipofu na sasa anamtupa, na kete zikazunguka ubaoni zikigongana, na mzee akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, midomo ameiuma mpaka damu, machozi yakimtiririka kutoka macho yasiyoona kitu, na Haboba hakuacha kusoma, na harufu ya udongo ikawa nzito hata Nabilah akashindwa kuvuta pumzi. Mara kukawa kimya. Kisha, kwa sauti ndogo kabisa:

"Baba Nabilah?"

Mzee alifungua mdomo. Akaufunga.

Kete zote zikalala. Harufu ikaondoka.

"Alhamdulillahi," Haboba akasema, akakusanya vitu vyake akaenda.

"Ile ya mwisho," mzee akauliza, "ni ile uliyorekodi?"

Nabilah aliikumbuka ile aliyorekodi. Ilikuwa na kicheko mwishoni. Hii ilikuwa inalia.

"Ni ile ile, Baba," akamwambia. "Ni mashine tu."

Mzee akakubali kwa kichwa, akalala palepale kwenye kiti kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nabilah akamfunika shuka. Alikuwa amechoka, mawazo yake yako mbali, na huko jikoni mtu akamwita kama alivyokuwa akiitwa kila jioni utotoni.

"Nabilah, njoo."

"Naam, Mama," akaitika.