Mgeni Asiye na Chekeche

Na ijulikane kwa wote, waliopo na watakaozaliwa, kwamba asubuhi ile katika mji wa Nabeul msichana shujaa aitwaye Emna alimwokoa dada yake kutoka katika njama nzito. Njama yenyewe haikuwepo, lakini Emna hakuwa mtu wa kuzuiwa na jambo dogo kama hilo.

Kila kiangazi wanawake wa mtaa walikusanyika uani kwao kutengeneza kuskusi ya mwaka mzima. Walikaa chini mbele ya masinia makubwa ya mbao, wakanyunyizia maji unga wa ngano na kuuviringisha kwa viganja mpaka ukawa chembe, kila mmoja akazichekecha kwa chekeche lake. Emna, mwenye miaka kumi na miwili, alizipandisha chembe darini, kwenye paa bapa la nyumba, akazianika juu ya shuka na kuwafukuza shomoro.

Mwaka ule palikuwa na mgeni kutoka Tunis, Bi Radhia, aliyekuja mikono mitupu. Mtaani kwao jambo hilo lilieleweka: mwanamke anayekuja kwenye kuskusi ya watu bila chekeche lake hakufuata kuskusi. Amekuja kumtafutia mwanawe mke.

Emna akatega sikio.

"Huyu Sondes huamka mapema?" Bi Radhia aliuliza.

"Kabla ya jogoo," Mama alijibu haraka.

"Na akikasirishwa hufanyaje?"

Sondes, dada yake Emna, aliinama kwenye sinia lake. Alikuwa amefaulu mtihani wa mwisho wa sekondari na alitaka kusoma udaktari Tunis. Lakini Baba alikuwa amekata shauri: bila nyumba ya kuaminika ya kukaa, hakuna chuo. Na sasa, badala ya chuo, aozwe?

Emna alimfuata Mama jikoni. "Mama, yule anataka nini kwetu?"

"Punguza sauti! Jambo la heri halitangazwi kabla halijatimia. Watu wana macho."

Basi! Ushahidi gani zaidi ulihitajika?

Mama akamtuma mkate. Aliporudi, Bi Radhia alikuwa amepanda darini kutazama kuskusi ikikauka, na Emna alimsogelea kwa upole wa muuguzi.

"Bi Radhia, nikwambie kitu kwa usalama wako? Sondes hutembea usingizini. Na kisu mkononi."

"Kisu!"

"Tena alimpiga mwokaji mikate kwa kiatu. Maskini, mpaka leo anasemea puani."

"Endelea, mwanangu," alisema Bi Radhia, macho yakimng'aa.

Emna alitazamia mgeni akimbie, si anogewe. Ikabidi aongeze dozi. "Halafu ana mkono mrefu. Hereni za Bi Mongia, ni yeye aliyeziiba."

Nyuma yao ungo ulianguka. Bi Mongia mwenyewe, jirani yao, alikuwa amesimama kwenye mlango wa ngazi.

"Kumbe!" alipiga kelele. Ni kweli alipoteza hereni mwaka jana. "Nami nimemlisha kwangu mtoto yule!"

Akashuka ngazi akitangaza. Uani mikono yote ikasimama juu ya masinia. Mwanamke mmoja aliusogeza mkoba wake karibu na goti.

"Mimi?" Sondes alisema. "Bi Mongia, mimi?"

Mama alimgeukia Bi Radhia aliyekuwa akishuka. "Dada, usiamini! Nimekuita umwone binti yangu ili umpe mahali pa kukaa akisoma, si uje kusikia haya!"

Emna, aliyeshuka nyuma yao, alidakia. "Kwani hakuja kuposa?"

"Kumposea nani?" Bi Radhia aliuliza. "Sina hata paka. Mimi huandika riwaya, Emna, na kwa kazi hiyo namjua mtu anayebuni. Yule mwokaji wako alikuwa mzuri. Ila ulipofika kwenye hereni, macho uliyaangusha chini. Sasa, nani atawaambia hawa ukweli? Mimi, au mwenye hadithi?"

Emna alimtazama dada yake akijifuta machozi kwa kiwiko, kwa kuwa viganja vilijaa unga. "Nimesema uongo," alisema. "Yote. Sondes hajaiba kitu. Nilidhani mnamwoza."

Bi Mongia aliona aibu, akaanza kumpangusa Sondes begani unga ambao haukuwepo.

"Hata mimi hubuni watu, na ndiyo riziki yangu," Bi Radhia alimwambia Emna. "Wasichana wa vitabuni mwangu huangushwa, husingiziwa, kisha husimama. Lakini juu ya jalada naandika kwamba ni riwaya, na wale ni wa karatasi. Dada yako ni wa nyama na damu. Uongo wako ungemfuata katika kila duka. Ukishuku jambo, uliza. Usipojibiwa, uliza tena." Akamgeukia Mama. "Na watu wazima nao wajibu. Chumba chake kipo. Aje."

Mama akamkumbatia Sondes, unga na yote. Kisha akamwangalia Emna kwa jicho jembamba.

"Nilikutuma mkate. Huko ulimwambia mtu haya?"

Emna alivitazama vidole vyake vya miguu. "Mke wa mwokaji. Nilikuwa najaribu kama hadithi ya kisu inaaminika."

"Yeye tu?"

"Na foleni."

"Nani kwenye foleni?"

"Yote, Mama. Nilisema kwa sauti."

Sondes alinawa mikono, akafunga kitambaa chake kichwani. "Vaa viatu, twende kwa mwokaji," alimwambia mdogo wake. "Utasema wewe, nami nitasimama hapo hapo, wanitazame usoni."