Bosi Alisema Matatizo Yote Yaende Inbox

"Mtoeni huyo nje! Ndiye aliyeharibu mfumo!"

Kidole cha bosi wangu kilikuwa kimenyooka... kinanielekea mimi!

Ukumbi mzima ukageuka. Wafadhili, viongozi, waandishi, mpaka wapishi walioshika sinia za sambusa. Macho yote kwangu.

Nikamgeukia Osea. Tunakaa meza moja mwaka wa tatu huu. Chipsi tunakula sahani moja. Nikasubiri aseme neno la kunitetea.

Akasema!

"Kweli, bosi. Juzi nilimwona anagusagusa."

Jamani... Osea!

Na muda huohuo simu iko sikioni mwangu, shemeji yangu Eliakim analia upande wa pili.

"Shemeji, gari halijafika! Agnes anaishiwa nguvu!"

Tulieni niwaeleze. Maana watu wa aina ya Osea mnao maofisini kwenu, na wengine ndio nyie mnaosoma hapa.

Naitwa Tupokigwe. Digrii sina. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe, na mtu akinidharau leo nitamkumbuka miaka kumi ijayo na rangi ya soksi alizovaa. Ndivyo nilivyoumbwa.

Ofisi yetu iko hapa Tunduma, ghorofani, juu ya duka la matairi. Tulitengeneza mfumo unaitwa Mama Fika. Mama mjamzito kule milima ya Ileje akishikwa uchungu, anatuma meseji kwenye namba yetu. Mfumo unaipokea, unamjulisha dereva wa gari la wagonjwa aliye karibu, gari linaondoka. Kwisha.

Kitu kizuri, sikatai. Nilikipenda kuliko nilivyowahi kumpenda mwanaume.

Tatizo lilikuwa bosi. Sebastian. Shati jeupe, manukato mpaka unapiga chafya, na sheria yake moja kwenye grupu la ofisi:

"Hapa ni pongezi tu. Matatizo njoo inbox."

Hiyo ndiyo ilikuwa katiba! Ukiandika "mfumo uko poa", vimakofi vinamiminika. Ukiandika "jamani, hapa kuna kasoro", meseji inafutwa. Ikupa, binti anayeujaribu mfumo kabla haujatoka, aliwahi kuuliza swali pale. Swali tu! Akaondolewa kwenye grupu, akarudishwa baada ya kuomba radhi.

Niliweka kichwani. Mimi sisahau.

Sasa sikilizeni kasoro yenyewe.

Ukipanda milima ya juu ya Isongole, mtandao wa Tanzania unakukimbia. Unaoshika ni wa Malawi, wa ng'ambo ya mto wa mpakani. Kwa hiyo watu wa kule wana laini mbili, na ya Malawi ndiyo inayoongea.

Na mfumo wetu wa kisasa? Ulikuwa unakubali namba za Tanzania peke yake. Meseji ikitoka laini ya Malawi, unaipokea... halafu unaitupa. Kimya kimya. Haumjibu mama, haumwambii dereva, haumwambii mtu yeyote!

Kugusa programu bila ruhusa ya bosi ni marufuku, kwa hiyo nikaandika grupuni. Ikafutwa.

"Tupo, njoo inbox."

Nikaenda inbox, nikaeleza yote. Kimya. Nikarudia. Kimya.

Nikamfuata ofisini kwake.

"Bosi, zile meseji za Isongole..."

"Tupo, nimesema inbox. Huo ndio utaratibu. Kwani ni mgeni hapa?"

Nikamuuliza Osea.

"Kwako laini za Malawi zinapita?"

"Kwangu freshi tu, dada. Una presha wewe. Kausha, kaa kimya."

Ikupa alikuwa karibu, alisikia. Akainama chini ya meza, akajifanya anatafuta chaja.

Nikaanza kujiona mwehu. Labda ni mimi tu...

Ndipo ikafika siku ya wafadhili kuja kuuona mfumo.

Bosi yuko jukwaani. Ukutani kuna ramani kubwa ya Ileje. Mama akiomba gari, alama nyekundu inawaka pale alipo. Siku hiyo ramani ilikuwa nyeupe peee.

"Mnaona, wageni wetu?" akatamba. "Hakuna mama hata mmoja anayesubiri! Wote wameshahudumiwa!"

Makofi! Osea ndiye aliyeyaanzisha. Chawa wa bosi huwa hachelewi.

Hapohapo simu yangu ikatetemeka. Eliakim. Dada yangu Agnes, aliyeolewa huko milimani juu ya Isongole, mimba yake ya kwanza, ameshikwa uchungu tangu alfajiri na damu inatoka. Wametuma meseji. Wametuma tena na tena.

"Kwa laini gani, shemeji?"

"Ya Malawi! Hii ya kwetu si haishiki huku!"

Nikasimama. Sikunyoosha mkono, sikuomba ruhusa.

"Bosi, yupo mama anasubiri! Dada yangu anavuja damu na ramani yako haimwoni! Meseji za laini ya Malawi zinatupwa!"

Ndipo kidole kikanyooka. Ndipo Osea akanitosa.

Sikubishana nao. Nikampigia dereva, Asajile, ambaye hukaa na gari pale Isongole.

"Asajile, uko wapi?"

"Nipo garini, dada, napiga miayo. Leo kumetulia."

"Washa gari! Agnes wa Eliakim yuko hoi huko juu!"

"Mwee! Lakini dada, bila meseji ya mfumo siruhusiwi kutoka. Bosi alisema nikitoka kienyeji, kazi sina. Mwambie aseme yeye mwenyewe."

Nikaweka spika, nikainua simu juu.

"Bosi, sema neno moja tu. Nenda."

"Huyu anatuhujumu!" akawageukia wageni. "Kungekuwa na tatizo, timu yangu ingesema! Muulizeni mtu yeyote!"

Mkuu wa wafadhili, Mama Goodness, akavua miwani.

"Haya, nauliza. Nani mwingine anajua habari ya hizi laini za Malawi?"

Nilimsikia Asajile anapumua kwenye spika. Watu wenzangu wanaangalia viatu vyao kama vimeandikwa majibu.

Halafu kiti kikakwaruza sakafu. Ikupa.

"Mimi najua. Nilijaribu, zikatupwa. Nilimwandikia bosi inbox."

Judith wa mapokezi naye akainuka.

"Na mimi. Watu wa Isongole wamenipigia simu kulalamika mpaka nimechoka kupokea. Niliandika inbox. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua!"

Nikamwangalia Osea. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Na... na mimi," akanong'ona.

Yani Osea! Aliyeniambia nikaushe!

Ofisi nzima! Kila mtu alikuwa na ukweli uleule, ameufutika mfukoni, anamwangalia mwenzake anavyopiga makofi na yeye anapiga!

"Kwanza gari," Mama Goodness akamwambia bosi. "Sema."

"N... nenda, Asajile."

Injini ikanguruma kwenye spika, ukumbi mzima ukasikia.

Sasa subirini. Hapa ndipo nilipotaka kucheka na kutapika kwa pamoja.

"Kwa hiyo ulijua," Mama Goodness akasema. "Watu wanne wamekuandikia, ukanyamaza."

"Hapana, mama! Naapa sikujua!"

"Si wamekuandikia inbox?"

"Mama... mimi inbox sisomi. Meseji zinakuwa nyingi mno. Mimi nasoma grupu."

Rudieni hapo. Someni polepole.

INBOX HASOMI!

Ametuamuru matatizo yote tupeleke inbox, na inbox hasomi! Alituchimbia choo, akatuambia ndilo sanduku la maoni. Na sisi, wenye digrii na tusio nazo, tukapanga foleni kwa adabu, kila mmoja na meseji yake, tukatumbukiza!

Agnes alijifungulia ndani ya gari, kwenye kona za kushuka mlima. Mtoto wa kike. Hospitali wakamwongezea mama damu. Wako hai wote wawili. Eliakim aliponipigia sikusikia hata anasema nini, nilikaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto.

Na ile kasoro? Mimi na Ikupa tuliirekebisha chai ya wageni ikiwa bado ya moto. Mstari mmoja wa programu! Dada yangu alikuwa anakufa kwa kasoro ya mstari mmoja ambayo ofisi nzima ilikuwa inaijua.

Mnapenda mafunzo, haya chukueni.

Wewe mwenye ofisi, kama umeipiga marufuku habari mbaya mezani kwako, usijidanganye kwamba haipo. Wafanyakazi wako wanalala nayo kila siku, na atakayeamka nayo ni mgonjwa.

Na wewe mfanyakazi mwenye wimbo wa "mimi nilishaandika"... ulimwandikia nani? Alikujibu? Kama hakukujibu, hujasema bado! Tatizo la ofisi liseme mbele ya ofisi. Ukifutwa, andika tena. Ukiondolewa, simama mlangoni useme kwa mdomo. Wenzako wanalijua pia, wanasubiri mwendawazimu wa kwanza.

Mnafikiri yameishia hapo?

Leo jioni bosi kaweka picha ya mtoto kwenye grupu. Mtoto wa dada yangu! Kaandika: "Mfumo wetu umeokoa maisha. Hongera timu!"

Vimakofi vikashuka. Vya kwanza... vya Osea.

Hata sijamaliza kusonya, Osea huyohuyo kaniandikia pembeni:

"Dada Tupo, bosi anadanganya bwana. Imeniuma sana. Ila usiseme kama mimi ndiye niliyesema."

Huko sikumjibu.

Osea kaka yangu, jibu lako ndilo hili, nimeliweka hapa mbele ya watu wote, na bosi nimemtagi. Haya, piga vimakofi.