Viroba vya Silvano

Haya yalimpata jirani yangu. Kipande chake kimoja nilikiona kwa macho yangu, kwa hiyo hutanisikia nikisema "inasemekana".

Ilikuwa Jumamosi ya Januari hapa kwetu Kikuyu, mjini Dodoma, mvua imekatika alfajiri na jua limeanza kuchoma. Zablon alikuwa amelala chali chini ya pikapu yake. Mkewe, Paulina, alikuwa kibarazani anachambua mlenda. Nami nilikuwa nimesimama ukutani na kikombe cha chai, namuuliza Zablon kama wiki ile tutapata samaki au tutapata harufu.

Akacheka kule chini. "Mama Habibu, usinicheke. Gari halina neno. Barabara ndiyo haina huruma."

Pikapu ile ilikuwa nzima, ila ilivutwa na magurudumu ya nyuma tu. Kwenye lami huoni tofauti. Lakini Zablon alikuwa akifuata samaki Mtera, na ukiiacha barabara ya Iringa kwenda kambi ya wavuvi, unaingia kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukinyeshewa, unanata kama ugali na kuteleza kama sabuni. Mimi nauza perege sokoni. Zaidi ya mara moja nilipokea mzigo ulioharibika kwa sababu gari lililala kwenye tope.

Alishajaribu mengi. Kupunguza upepo ili matairi yatandae. Kufunga minyororo. Kutandika matawi chini ya magurudumu. Alifunga hata matairi ya kashata kubwa, yale yenye meno mapana, lakini tope lilijaa kwenye kashata mpaka tairi likawa laini kama chungu, likawa linazunguka pale pale.

Siku ile ndipo alipokuja Silvano.

Silvano alikuwa fundi gereji, rafiki wa Zablon tangu wakichunga ng'ombe wa baba zao. Ndiye aliyesimamia ndoa yake. Biashara ya samaki walikuwa nayo pamoja, nusu kwa nusu. Na mwaka uliotangulia, binti wa pekee wa Paulina na Zablon alipofariki kwa homa, Silvano ndiye aliyeshuka kaburini kupokea jeneza. Mtoto aliitwa Loisi. Alizaliwa na mguu wa kulia uliopinda, akikanyagia vidole tu. Kisigino hakikuwahi kugusa chini. Silvano alikuwa akimbeba mabegani kila Jumapili kwenda kanisani. Loisi alimwita baba mdogo.

Basi alikuja na viroba viwili vizito, vimeshonwa midomo kwa uzi mweusi. Akavilaza nyuma ya pikapu, juu kabisa ya ekseli.

"Nyuma kwako ni kwepesi," alisema. "Tairi bila uzito halishiki. Hivi ni mchanga tu. Usivifungue, usivitoe. Na ukiwa kwenye tope usisimame kutazama nyuma. Kanyaga mafuta polepole, nenda."

Ushauri huo hata dereva wa lori angekupa. Zablon alimkumbatia. Paulina akamkaribisha chakula, na Silvano akanawa mikono muda mrefu sana.

Tangu siku hiyo pikapu haikukwama tena.

Madereva wa kambini walianza kuizungumzia. Magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne yanalala kwenye tope, Zablon anapita katikati yao. Samaki wakawa wanafika wakiwa na macho maangavu. Nilifurahi, sitaficha.

Asubuhi moja Paulina alikuwa anaosha gari. Akaniita.

"Mama Habibu, waambie wanao wasichezee gari la Zablon."

Kwenye mlango wa nyuma wa bodi kulikuwa na viganja viwili vidogo vya tope. Nikamwambia wanangu wote wako Kondoa kwa bibi yao. Akavimwagia maji. Chini ya vile kulikuwa na vingine, vilivyokauka. Chini ya hivyo, vingine.

Wiki ileile niliamua kwenda Mtera mwenyewe nikachague samaki. Tulipakia tukaanza kurudi saa tisa alasiri, jua kali, hakuna hata wingu. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Kwenye bonde lenye tope baya kuliko yote tulikuta magari mawili yamezama hadi kwenye ekseli, wenyewe wamekwenda kambini kuomba msaada. Hapakuwa na mtu.

Zablon akaingia. Nilihisi magurudumu yakianza kuzunguka patupu. Gari likalala upande, likasita.

Kisha likasukumwa.

Sijui niseme vipi. Aliyewahi kupanda gari linalosukumwa anajua. Kuna kitu kinakupiga taratibu mgongoni. Kinapumzika. Kinapiga tena. Nikamtazama Zablon. Macho yake yalikuwa mbele, lakini jasho lilikuwa linamtoka.

"Huwa hivi?" niliuliza.

"Huwa hivi," akanong'ona.

Tulipofika kwenye ardhi ngumu, kamba ya turubai ilikuwa imelegea na kanga yangu, niliyofunika nayo ndoo, ilikuwa imedondoka nyuma. Zablon akasimama kufunga kamba. Mimi nikarudi kwa miguu kuifuata.

Kanga ilikuwa pembeni ya njia. Niliinama kuiokota, na hapo nikaona.

Katikati ya alama za matairi kulikuwa na nyayo. Ndogo. Peku. Zilikuwa zimedidimia sana upande wa mbele, kama za mtu aliyeegemea kitu kizito kwa nguvu zake zote. Kuna mahali alianguka. Palikuwa na alama za magoti na viganja. Mbele kidogo alianguka tena. Akainuka. Akaendelea.

Unyayo wa kushoto ulikuwa kamili.

Wa kulia ulikuwa vidole tu.

Nilizifuata nyayo zile kwa macho hadi pale gari lilipokuwa limesimama. Zilifika mpaka nyuma ya bodi. Zikaishia hapo. Hakuna hata moja iliyorudi.

Zablon aliniona nilivyosimama. Akaja. Akatazama chini. Akapiga magoti na kuweka kiganja chake juu ya vile vidole, polepole, kama anavyofanya mzazi anapopima homa.

"Loisi," alisema.

Gari lilinesa kidogo, springi zikalia.

Alikwenda akachukua kisu cha samaki, akachana kiroba. Haukuwa mchanga wa mtoni. Ulikuwa udongo mwekundu wa kijijini kwao. Ndani yake kulikuwa na ua la plastiki la njano, na kwenye ua utepe wa bluu wenye fundo. Fundo lile nililijua. Nilikuwa nimekaa na Paulina usiku wa msiba akilifunga.

Kijiji chao kipo njiani, kando ya barabara ya Iringa. Tulipita makaburini, alikozikwa Loisi, kabla jua halijazama. Msalaba ulikuwepo, maua juu yake yamepangwa vizuri. Zablon akayaondoa. Chini ya maua, tuta lilikuwa limebonyea ndani kama tumbo la mtu mwenye njaa.

Asubuhi yake alikwenda gereji. Nilimfuata kwa sababu Paulina aliniomba nisimwache peke yake. Silvano alikuwa anafuta spana kwa kitambaa. Alipotuona hakushtuka.

Zablon hakupandisha sauti. "Ulipokea jeneza la mwanangu kwa mikono hiyo."

"Ulitaka gari lisikwame," Silvano alisema. "Limekwama?"

"Silvano."

"Mzigo ni wetu wote. Ukioza, tunaumia wote. Wewe unadhani wengine wanapitaje kule?"

"Alikuwa anakuita baba mdogo."

Silvano aliitundika spana ukutani, akaipanga sawa na nyingine.

"Ndiyo maana sikupata shida," alisema. "Wengine hubembelezwa siku nyingi. Huyu nilimwita mara moja tu, akaja."

Zablon alimtazama kama mtu anayetafuta sura aliyoizoea. Nilidhani atampiga. Hakumpiga. Aligeuka, akashika ukuta, akatoka nje akitembea kama mzee. Mwanamume yule tangu siku ile hakuwahi kunyooka mgongo.

Tulimweleza Paulina mchana huo. Hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Mmesema peku?"

"Ndiyo," nikamjibu.

"Tulimvika viatu," akasema. "Vile vyeupe. Nilimfunga kamba mwenyewe." Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Jumapili tulirudisha udongo kaburini. Mwinjilisti Joshua alisoma, ndugu wakaimba, Zablon akakung'uta viroba mpaka punje ya mwisho. Mimi ni Mwislamu, nilisimama pembeni nikasoma dua yangu kimyakimya. Udongo ukamwagwa, ukasawazishwa.

Haukutosha. Tuta lilibaki na shimo upande wa miguuni. Joshua akasema udongo hushindiliwa na mvua, tusitie shaka. Wakachota mwingine pembeni wakajazia. Watu wakaondoka.

Silvano hatukumwona tena. Wiki ileile gereji ilikutwa tupu, na pikapu yake mwenyewe haipo. Kuna anayesema kaenda Kilombero kubeba mpunga, na kuna anayesema yuko Rufiji. Zablon aliiuza pikapu yake. Siku ya kuikabidhi, ilikwama kwenye kidimbwi kidogo mbele ya nyumba yetu, na tuliosukuma tulikuwa sisi, majirani, tukionana sote kwa macho. Zablon alilia kwa furaha. Nikaamini yamekwisha.

Mwezi wa nane nilimsindikiza Paulina kijijini kusafisha kaburi. Unaujua Agosti wa Dodoma: vumbi, upepo, majani makavu kama karatasi. Mvua ya mwisho ilikuwa Aprili. Visima vilikuwa vimeanza kukauka.

Paulina alitangulia na ufagio. Nikamwona amesimama ghafla, ufagio ukamtoka mkononi.

Kwenye ukingo wa tuta, upande wa miguuni, palikuwa na tope. Tope jeusi, zito, lenye majani ya mpunga mabichi ndani yake. Nikaukumbuka udongo ambao haukutosha, na Silvano aliyesemwa yuko kwenye mpunga. Maji yalikuwa bado yanachuruzika kwenye udongo mwekundu. Nililigusa kwa kidole. Lilikuwa la baridi.

Lilikuwa limefutwafutwa pale ukingoni, mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, kama anavyofuta miguu mtoto aliyefunzwa adabu kabla ya kuingia ndani.