Daraja Aliloliahidi Tahani

Kila Jumatano wakati wa likizo, Tahani humsindikiza bibi yake, Bi Khamisa, kwenye soko la wanawake la mji wa Ibra. Humo wauzaji ni wanawake na wanunuzi ni wanawake. Mwanamume, hata awe waziri, huishia mlangoni. Bibi huuza udi na marashi anayoyatengeneza kama alivyofundishwa na mamake Unguja. Kazi ya Tahani ni kupanga vichupa na kuleta chai, na kwa kawaida huchoka kabla ya adhuhuri.

Jumatano moja hakuchoka. Baba yake, Mhandisi Marhoun, alikuwa anagombea Baraza la Manispaa, na Tahani alitaka ashinde kuliko alivyotaka kitu kingine chochote. Kilichomuudhi ni kwamba baba hakujua kujinadi. Wenzake waliahidi bustani na viwanja vya mpira. Yeye alizungumza habari za mitaro. "Nitachunguza," alisema. "Nitapendekeza." Nani atampigia kura mtu wa kupendekeza?

Sokoni hakuweza kuingia, kwa hiyo maneno yake yalipelekwa na wanawake wa nyumbani kwake. Bibi alikuwa amekwenda kusali wakati Bi Fawziya, muuza nguo wa meza ya jirani, alipomgeukia Tahani.

"Babako atatufanyia nini sisi wa ng'ambo ya wadi? Mvua ikinyesha bonde lile linajaa maji, gari hazipiti, watoto hawendi skuli."

"Atawajengea daraja," Tahani akajibu.

Hakuna aliyemtuma. Neno lilimtoka tu, na alipoona uso wa Bi Fawziya umechangamka, akaliongezea: daraja pana, lenye taa pande zote. Papo hapo Bi Fawziya akachukua simu na kuwarekodia jamaa zake habari hiyo.

Jioni baba alirudi kutoka msikitini amenuna.

"Kila ninayempa mkono ananiuliza daraja linaanza lini. Nani kasema?"

Tahani alikiri huku analia. "Lakini baba, wewe ni mhandisi. Madaraja unajua kuyajenga."

"Najua, na hilo ndilo linalonikera. Mhandisi hupewa fedha na mafundi, akajenga. Mjumbe wa baraza hapewi hata mfuko mmoja wa saruji. Anapendekeza, wakubwa wanaamua."

Kisha akamsimulia habari za Evandro, mhandisi wa Kibrazili aliyefanya naye kazi kwenye barabara ya kwenda mji wa Sur. Aliporudi kwao, Evandro aligombea umeya, akaahidi daraja, akashinda kwa shangwe. Fedha hazikupatikana. Waliomshangilia wakamzomea, na uchaguzi uliofuata wakamng'oa. Alikaa miaka akipita mtaa kwa mtaa kuomba radhi kabla hawajamchagua tena.

"Aliniambia hajapata kujenga kitu kigumu kama kuaminiwa mara ya pili," baba alisema. "Jumatano utarudi sokoni useme kweli."

"Kwa nini usiseme wewe?"

"Mimi siingii mle, Tahani. Neno umelipeleka wewe, utalirudisha wewe."

Tahani aliona anaonewa. Hata hivyo Jumatano alipita meza kwa meza, akirudia kwamba daraja lilikuwa uongo wake. Wengine walimsonya. Bi Fawziya ndiye aliyekasirika zaidi.

"Nimeshawaambia ukoo mzima. Umenitia aibu, mtoto wewe."

"Nisamehe, mama. Baba hawezi kuahidi daraja. Anaweza kuja kupima maji yanapopita, na kuwapelekea ombi lenu kwa wakubwa. Basi."

Bi Fawziya akamsogezea simu. "Yaseme hayo humu, kwa sauti yako. Mimi siaibiki mara mbili."

Tahani akayasema.

Baba hakushinda. Matokeo yalipotangazwa Tahani alijifungia chumbani, akamkasirikia baba, akamkasirikia Evandro, akajikasirikia mwenyewe. Laiti angenyamaza, daraja lile lingewaletea kura. Alikuwa bado amenuna bibi alipoingia na simu mkononi.

"Fawziya huyo. Wanaume wa ng'ambo wanamuomba babako akawapimie wadi na awaandikie ombi lao. Nimemwambia kwamba babako kashindwa. Kanijibu, wagombea wote walitwambia wanachoweza. Yeye tu ndiye aliyetwambia asichoweza."

Tahani akachungulia dirishani. Baba alikuwa tayari anapakia vipimo vyake garini.

"Njia ya mwongo fupi, mjukuu wangu," bibi alisema. "Usingelilikanusha lile daraja lako, leo babako angelikuwa barazani, na kwenda ng'ambo angeliona haya."