Samaki wa Chumvi Kutoka Ng'ambo

Kila asubuhi Marguerite alifagia uwanja wa nyumba yake huko Gihundwe, Rwanda. Kisha alisimama akitazama ng'ambo ya ziwa. Mapaa ya mabati ya mji wa Bukavu yalionekana wazi. Alikulia kule. Mwaka 1995 alihamia Rwanda, nchi ya baba yake. Mama yake, Nabintu, wa kabila la Washi, alibaki Bukavu. Vita vikaja, na safari ikawa ngumu.

Clarisse, mfanyabiashara wa vitenge, bado alivuka mpaka kwa daraja la Rusizi. Kila alipokuja alileta kifurushi kutoka kwa Nabintu. Ndani mlikuwa na makayabu, samaki waliokaushwa kwa chumvi nyingi. Watu huloweka makayabu kabla ya kupika. Marguerite hakuloweka. Aliogopa maji yangeondoa ladha ya mkono wa mama yake.

Mwaka 1999 miguu yake ilianza kuvimba. Mkojo wake ulikuwa na povu.

"Marguerite, hii miguu umeazima kwa tembo?" Clarisse alimtania.

"Ni kuchoka tu. Mgongo ukiuma, minakunywa kinini za soko, zile vidonge za maumivu."

"Mama yako hawezi tena kutembea mbali. Anauliza utamufikia siku gani."

"Nitafika na nini? Hata viatu vinanikataa."

"Basi twende kwa muganga kwanza."

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Védastine alimpima shinikizo la damu. Lilikuwa juu sana. Alichovya kijiti cha kupimia katika mkojo wake, kisha akatuma damu hospitalini. Majibu yaliporudi, alimwita.

"Maman, una ugonjwa sugu wa figo."

"Mafigo? Lakini sisikie maumivu hapo."

"Figo zinaharibika kimya-kimya. Kazi yake ni kusafisha damu na kutoa maji na chumvi yenye imezidi. Zikichoka, maji inabaki mwilini. Ndiyo miguu inavimba. Shinikizo la damu linaziumiza. Kisukari pia, lakini wewe hauna. Na zile kinini za mgongo, bila muganga, zinaziumiza zaidi."

"Dawa itaniponesha?"

"Hapana. Sehemu yenye imeharibika hairudi. Tunalinda ile yenye imebaki. Utameza dawa ya shinikizo kila siku, hata siku unajisikia muzuri. Utarudi tupime. Sasa niambie, unakula nini?"

"Makayabu. Mama anatumaka."

"Unaloweka?"

Marguerite alitikisa kichwa.

"Hata ukiloweka, chumvi inabaki nyingi," Védastine alisema. "Acha. Nunua sambaza mbichi, zile samaki ndogo za ziwa. Pika na kitunguu na ndimu. Chumvi kidogo sana."

"Muganga, ile samaki ndiyo kitu ya mama yangu yenye nimebakia nayo."

Védastine hakubishana naye.

"Unataka samaki yake, ao unamutaka yeye?"

Clarisse alipoleta kifurushi kingine, Marguerite alikishika, akakinusa, akamrudishia.

"Nitamuambia nini mzee?" Clarisse aliuliza.

"Muambie niko najitayarisha kuja."

Wiki za kwanza chakula kilikuwa kama majani makavu mdomoni. Baadaye ulimi ulizoea. Kinini za soko aliziacha. Alimeza dawa yake kila asubuhi, kabla ya kufagia. Miezi ikapita. Shinikizo lilishuka. Vipimo vya damu havikuzidi kuwa vibaya. Uvimbe ulipungua, na viatu vikaingia.

Védastine alimruhusu kusafiri. "Beba dawa zako," alisema.

Marguerite alivuka daraja kwa miguu, pamoja na Clarisse. Nabintu alikuwa ameketi mlangoni. Walishikana muda mrefu. Kisha mzee akaweka mezani bugali, na sahani ya makayabu.

Marguerite alikata tonge la bugali. Sahani hakuigusa.

"Kumbe Clarisse hakudanganya," Nabintu alisema. "Unakataa vitu vyangu."

"Mama, nimefika kwa sababu nilikataa. Chumvi yake ilikuwa inavimbisha hii miguu."

Nabintu aliinama, akaigusa miguu ya binti yake kwa vidole, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaisogeza sahani mbali.

"Basi keti karibu," alisema. "Bugali iko."